Mstari Ulioinama Baina ya Pakkiam na Baba Yake

Jumanne asubuhi Rosnani wa mapokezi aliipangusa mizani kwa kitambaa chenye dawa, kwa sababu wagonjwa wa Kituo cha Kusafisha Damu cha Batu Senai huipanda bila viatu, na wengine hutoka mashambani moja kwa moja. Kisha akawasha kompyuta, akaweka chai yake mbali na kibodi, akafungua mlango wa kioo.

Wa kwanza kuingia alikuwa Pakkiam. Alipanda mizani akiwa ameshika ukuta. Uzito ulikuwa umeongezeka, na yote ilikuwa maji, maana Jumamosi hakusafishwa damu. Jumamosi ndiyo siku mfumo mpya wa kompyuta ulipoanza kazi. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi kandambili haziingii, akazibeba mkononi. Kila baada ya maneno matatu manne alinyamaza kidogo, avute pumzi, ndipo aendelee.

"Kaa, Akka, kaa," Rosnani akamwambia, akimwita dada mkubwa kwa lugha ya kwao. "Leo rekodi yako itafunguka. Wamesema wamerekebisha."

"Hata Jumamosi... walisema."

"Jumamosi walisema watarekebisha. Leo wamesema wamerekebisha. Si haba, tunasogea."

Rosnani akaandika jina lote kama lilivyo kwenye rekodi, Pakkiam a/p Sinnathamby, akabonyeza. Skrini ikazungusha kiduara chake, ikatoa jibu: rekodi haikupatikana. Mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, akaingia Sinnathamby, baba yake Pakkiam.

Alikuwa na taa ya kugemea mpira kichwani, inawaka ingawa jua lilikuwa limeshatoka, na kisu cha kazi kiunoni. Miguu yake mitupu ilikuwa na matope ya shamba ambalo siku hizi limepandwa michikichi. Sinnathamby alikufa Pakkiam akiwa na miaka kumi na mmoja, lori la utomvu lilipopinduka darajani. Rosnani akamwonyesha kitambaa cha mlangoni, naye akapangusa miguu vizuri, kwanza wa kulia kisha wa kushoto.

"Appa," Pakkiam akasema. "Umekula?"

"Bado. Nimeitwa, nikaja."

Akakaa kando ya binti yake. Rosnani akampa karatasi ya namba, kwa sababu sheria ya kituo inasema kila aliyeko chumba cha kusubiri awe na namba.

Jumamosi pia alikuwa amekuja. Walikuja wengi siku ile, wazee wa Kihindi wenye nguo za kazi za zamani, na wafanyakazi wa kituo walichukulia kwamba ni jamaa wamekuja kuwaona wagonjwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Tatizo halikuwa wao. Tatizo lilikuwa kwamba walipokuja wao, mashine za kusafisha damu hazikuwaka.

Kituo kile kilijengwa kwa michango ya watu wa hekalu, msikiti na chama cha Wachina wa mjini, na tangu mwanzo kilipokea hata wasio na kadi ya utambulisho. Wasio na kadi ni wengi kwenye mashamba ya zamani ya mpira. Mtoto alizaliwa kwenye mabanda ya wafanyakazi, mkunga hakujua kuandika, ofisi ya usajili ilikuwa safari ya siku nzima. Pakkiam aliomba kadi zamani mno, hata ombi lake limezeeka kuliko karani anayelishughulikia, na mpaka leo linashughulikiwa. Kwa hiyo kituo kiliamua kila mgonjwa atambulike kwa jina lake kamili pamoja na la baba, kwa mtindo wa huko huko mashambani. Huko hakuna anayekuuliza unaitwa nani. Wanakuuliza wewe mtoto wa nani, na ukishajibu umekwisha kujulikana, pamoja na madeni na sifa za ukoo wako. Wanawake huandikwa a/p, yaani binti wa fulani, na wanaume a/l, mwana wa fulani, na katikati unasimama ule mstari ulioinama, mkwaju.

Kompyuta ya zamani ya kituo iliuzoea mkwaju. Mfumo mpya ulikuwa tofauti, kwa kuwa rekodi zilihamishiwa makao makuu Kuala Lumpur na kila jina lilitumwa huko kwa njia ya mtandao, ndani ya anwani. Na anwani ya mtandaoni husomwa kama njia ya kuingia nyumbani kwa mtu: kila mkwaju ni mlango wa chumba kilichomo ndani ya chumba kingine. Seva ilipofika kwenye mkwaju wa Pakkiam iliona mlango. Ikaufungua, ikaingia, ikamkuta baba, ikamwita. Kisha ikamtazama, ikaona huyu si mgonjwa wa figo, ikajibu kwamba rekodi haikupatikana. Wamalai walipita na bin na binti zao bila shida, na Wachina walipita. Hakuna aliyekusudia ubaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumpata wa kumlaumu.

Na mashine sasa zilifungwa kwa kufuli la mfumo huo huo. Zamani muuguzi alibonyeza kitufe, damu ikaanza kwenda. Sasa mashine ilisubiri kibali cha rekodi, na bila rekodi ilikaa kimya na taa yake ya rangi ya chungwa, hata ukiibembeleza.

Aliyefuata alikuwa Arumugam, dereva mstaafu wa malori, mtu wa maneno mengi. Rosnani akaandika Arumugam a/l Veloo, na Veloo akaingia akinukia pombe ya mnazi, akadai kukaa karibu na feni.

"Mzee, umekufa miaka yote hiyo, bado tu unasikia joto?" Arumugam akamwuliza.

"Ungejua niliko usingeuliza," Veloo akamjibu. "Na wewe umenenepa."

"Maji haya, Appa. Sio raha."

Kufikia saa tatu benchi lilikuwa limejaa akina baba. Rosnani akatoa viti vya plastiki vya stoo. Mmoja akajaribu mizani, ikasoma sifuri, akashuka.

Meneja Devarajan alifika na gari lake jeupe. Nje ya geti alikuwa amesimama mzee mwenye mwavuli mweusi, shati lake limekolea moshi, na Devarajan akampita bila kumtazama, kama alivyompita kila siku tangu alipopewa umeneja. Akaingia, akawaona akina baba, akawasalimia kwa kichwa, akamwita Rosnani pembeni.

"Wangapi hawajafunguliwa?"

"Wote wenye mkwaju, bosi. Akka Pakkiam ndiye mbaya zaidi. Muuguzi amemsikiliza mapafu, anasema maji yameshapanda."

"Hospitali ya wilaya?"

"Nimepiga simu. Hawana kitanda cha mashine mpaka keshokutwa. Na wakasikia hana kadi, wakaniweka nisubiri mpaka salio likaisha."

Devarajan akatazama saa yake. Mtaalamu wa mfumo alikuwa njiani.

Mtaalamu huyo, Teoh Kah Hoe, alikuwa kijana mwembamba mwenye mkoba wa mgongoni. Alikaa kando ya Rosnani, akafungua laptopu, akasoma kidogo, akapiga ulimi.

"Ni huu mkwaju," akasema.

"Tunajua ni huo mkwaju," Arumugam akamjibu kutoka kwenye benchi. "Tunao tangu tuzaliwe. Hebu tuambie, mlipokuwa mnaujaribu mfumo wenu, mliweka majina gani?"

Teoh akafikiri. "Ali bin Abu. Tan Ah Kow."

"Na Mhindi?"

"Alikuwepo. Muthu."

"Muthu wa nani?"

"Muthu tu."

Akina baba wakatazamana. Veloo akacheka mpaka akakohoa. Hakuna kati yao aliyewahi kukutana na Muthu tu.

Teoh hakukasirika. Alikuwa kijana muungwana, na chumba kilikuwa kimejaa watu wanaovuta pumzi kwa shida. Akaanza kwa njia iliyoandikwa vitabuni: aliuvisha mkwaju vazi la alama tatu, ya asilimia, mbili na F, ili seva iuone kuwa ni herufi ya kawaida na isiudhanie mlango. Akatuma jina la Pakkiam. Kiti cha Sinnathamby kikabaki kitupu, na Sinnathamby akaonekana nje ya mlango wa kioo, anagonga. Rosnani akaenda kumfungulia. Mlango haukukubali, si kwa kitufe wala kwa mkono.

"Ni mlinzi wa langoni kule makao makuu," Teoh akaeleza. "Seva ya mbele. Ikiona mkwaju umevaa vazi inaufukuza. Wezi huwa wanapita hivyo."

"Baba yangu... si mwizi," Pakkiam akasema.

"Najua, Anti. Yenyewe haijui."

Sinnathamby akaacha kugonga, akasubiri na uso wake karibu na kioo. Muuguzi akaja, akambandika Pakkiam kidude cha kupimia pumzi kwenye kidole, akatazama namba, akamfungulia hewa ya mtungi. Hakusema namba ilikuwa ngapi. Alimtazama tu Teoh, na Teoh akaongeza kasi ya vidole.

Safari hii akauvisha mkwaju vazi juu ya vazi. Mlinzi akivua la juu, alifikiri, ndani litabaki jingine la kupitia. Akabonyeza. Mlango wa kioo ukafunguka bila matata, na Sinnathamby akaingia akiwa amefungwa sanda mbili toka utosini hadi nyayoni, akitembea kwa hatua ndogo ndogo mpaka akagonga meza ya mapokezi. Seva ya ndani haikuwa imevua vazi la pili. Ilimtafuta mtu ambaye jina lake lina alama ya asilimia katikati, na mtu huyo hakuwepo.

Pakkiam akainuka na mtungi wake wa hewa, akamfungua baba yake. Alifungua sanda ya kwanza, akapumzika, akafungua ya pili. Alikuwa na miaka kumi na mmoja siku alipotazama watu wazima wakiifunga, na siku ile alisimama mbali kwa sababu alisukumwa. Alilia waziwazi na hakuna aliyemwambia anyamaze. Uso wa baba yake ulipotokea ulikuwa wa mtu wa miaka arobaini, mdogo kuliko mwanawe mwenyewe wa kuzaa.

"Usichoke bure," Sinnathamby akamwambia. "Kaa."

Teoh aliitazama sanda sakafuni. Yeye kila mwaka kwenye sikukuu ya makaburi humpelekea babu yake nguruwe wa kuchoma na machungwa, na babu hajawahi kuitikia. Akachukua simu, akampigia mkubwa wake, akaweka sauti ya juu kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

"Bosi, tusiwatafute watu kwa majina. Tumpe kila mgonjwa namba yake, jina libaki jina. Ndiyo dawa yenyewe."

"Hilo ni badiliko," sauti ikasema. "Badiliko linataka kikao. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo."

"Basi niweke nafasi tupu palipo na mkwaju. Herufi moja tu."

"Na hilo ni badiliko. Kah Hoe, si tumekuwekea kitufe? Herufi maalumu haziruhusiwi. Ukikibonyeza kinakata kuanzia ilipo hiyo herufi mpaka mwisho wa jina. Mgonjwa aweke dole gumba kukubali, basi, imekwisha."

"Kinakata baba."

"Kinakata herufi maalumu na kinachofuata. Kuna mtu hapo hajiwezi, si ndiyo? Kitufe kipo."

Simu ikakatika. Mvua ilikuwa inaanza, na Sinnathamby, ambaye alikuwa ameketi upande wa dirisha, akafinya macho kutazama nje.

"Yule mwenye mwavuli," akasema, "si Suppiah wa nyumba ya moshi? Yule aliyekuwa anakausha mpira? Mbona haingii na mvua hii?"

Devarajan alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Alipokwenda chuo kikuu alimkata baba yake kwenye jina lake akabakiza herufi moja na nukta, na alipopata kazi ya kwanza yenye meza aliikata na hiyo. Mji mzima ulijua. Hakuna aliyemsema, maana watu wana haki ya kupanda juu, na wengine hupanda wakitua mizigo.

"Hajaitwa, Appa," Pakkiam akasema mwishowe.

"Anasubiri nini?"

"Ukimwuliza... anasema anangoja basi."

Arumugam akapiga magoti yake viganja. "Haya, mimi naanza. Mzee wangu alikuwa mlevi, alimpiga mama yangu, na mshahara wake tuliusikia kwa majirani. Leteni hicho kitufe."

"Ni kweli," Veloo akasema, akitazama feni. "Yote aliyosema ni kweli. Lakini nilimnunulia baiskeli."

"Ilikuwa ya wizi."

"Ilikuwa baiskeli."

Arumugam akacheka, akaweka dole gumba kwenye kioo cha kidude cha Teoh. Teoh akabonyeza. Veloo akasimama, akaangaza macho chumba kizima kama abiria aliyeshuka kituo sicho, akamwomba radhi Arumugam kwa kumkanyaga, akamwita bwana. Akatoka nje, akasimama kando ya mzee mwenye mwavuli. Rosnani akaandika Arumugam, neno moja, na rekodi ikapatikana papo hapo. Ndani, mashine ikawasha taa ya kijani.

Muuguzi alimchoma sindano na damu ikaanza kwenda. Arumugam, ambaye siku zote huimba au hutukana serikali akiwa kwenye mashine, alilala kimya amegeukia ukuta.

Baada yake wakaenda wengine, mmoja mmoja. Walikwenda kwa sababu miguu imevimba na mwili hauna subira. Akina baba wakatoka mmoja mmoja, wakiomba radhi kwa adabu, wakajipanga nje mvuani. Viti vya plastiki vikabaki vitupu, akabaki Pakkiam na wake.

"Anti," Teoh akasema.

"Sitaki."

"Anti, ngoja nikueleze."

"Nimeelewa. Nyie mmejenga nyumba... mlango mkaufanya mdogo... sasa mnatukata miguu... tuingie."

Teoh akainamisha kichwa. Devarajan akaja, akachuchumaa mbele ya kiti chake, jambo ambalo meneja hafanyi.

"Akka, ni jina kwenye kompyuta tu. Moyoni utabaki naye."

"Wewe wako... yuko moyoni?"

Devarajan akainuka, akarudi ofisini, akafunga mlango.

Jambo ambalo Pakkiam hakuwa na pumzi ya kulisema ni hili. Orodha ya wafanyakazi wa shamba ilichomwa shamba lilipouzwa. Majivu ya Sinnathamby yalitiwa mtoni, hana kaburi. Hakuwahi kuwa na kadi, ardhi, wala picha. Duniani pote jina lake liliandikwa mahali pamoja, nyuma ya jina la binti yake, baada ya ule mstari ulioinama. Baba mwenyewe alilipeleka, alimbeba Pakkiam mgongoni mpaka shule ya shamba, akamwambia mwalimu: andika huyu ni wangu. Mwalimu akaandika.

Muuguzi akatazama kidole chake tena. Safari hii akaisema namba, kwa sauti ya chini, akimwambia Teoh. Midomo ya Pakkiam ilikuwa imebadilika rangi. Kifuani mwake kulikuwa na mlio kama chungu cha wali kinapoanza kuchemka.

Sinnathamby akavua taa yake ya kichwani, akaizima, akaiweka kwenye mapaja ya binti yake.

"Wewe, sikiliza. Mimi nimeshakufa, wewe bado. Hesabu hiyo haitaki shule."

"Huu ni uonevu, Appa."

"Ni uonevu. Nani kasema sio? Hata lile lori halikuwa na breki na walijua. Kubali upumue."

"Utanisahau."

Sinnathamby akawatazama wale waliosimama nje, namna wanavyotazama barabarani wote kwa pamoja.

"Nitasahau," akasema. "Basi ukipita uniulize kama nimekula. Hata nisipokujua. Mtu akiulizwa kama amekula hawezi kukasirika."

Akamshika mkono, akauinua, kwa kuwa binti mwenyewe hakuweza tena, akaweka dole gumba lake kwenye kioo. Teoh alikuwa analia na hakujificha. Akabonyeza.

Sinnathamby akasimama. Akajikuta ameshika mkono wa mama mmoja mgonjwa, akauweka polepole juu ya kiti, akasema samahani mama. Akajipapasa kichwani kutafuta taa, hakuiona, akatoka hivyo hivyo. Rosnani akaandika neno moja. Rekodi ikapatikana, wakamkimbiza Pakkiam ndani na kiti chake, na mashine ikawaka kijani kabla hawajaifikia.

Alipona. Saa nne baadaye maji mengi yalikuwa yametoka, na kandambili zikaingia miguuni.

Kikao cha Alhamisi kilifanyika kama kilivyopangwa. Teoh alipeleka hoja yake imeandikwa vizuri, na mkubwa wake akafungua taarifa za mfumo mbele ya wajumbe wote. Kituo cha Batu Senai hakikuwa na kosa hata moja tangu Jumanne. Wakaifunga hoja kwa kukosa tatizo, wakapitisha kitufe kipelekwe na vituo vingine. Teoh akaacha kazi mwezi uliofuata, na nafasi yake ikajazwa.

Huku Batu Senai, msimu wa mvua ulikuwa umechachamaa, na watu wa hekalu wakaona si vizuri wazee kusimama nje wakilowa. Devarajan akatoa idhini ya kujenga paa la bati nje ya geti, na benchi refu la mbao. Fundi alipouliza la watu wangapi, alimwambia alifanye refu. Sasa huwa wamekaa pale kila siku, wanatazama barabarani. Suppiah hugawa nafasi chini ya mwavuli wake ingawa paa lipo. Wanapiga stori za mpira na kupanda kwa bei ya mchele wa enzi zao, na basi likipita hakuna anayelisimamisha.

Pakkiam huja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ile taa ya kugemea huwa nayo kwenye kikapu, pamoja na thosai mbili, zile chapati za mchele, zilizofungwa kwenye jani la mgomba na mchuzi wa sambari kwenye mfuko wa plastiki. Akifika mbele ya benchi husimama.

"Umekula?"

Sinnathamby humtazama kwanza jirani yake, aone kama ndiye anayeulizwa. Kisha humjibu kwa heshima, kama kijana anavyomjibu mama mtu mzima.

"Bado, mama."

Humpa, naye hupokea kwa mikono miwili, hula yote na kukunja jani vizuri. Jumamosi iliyopita, akiwa amemaliza, alimtazama usoni kwa muda, akakunja uso kidogo, akauliza swali lile wanaloulizana watu wa mashambani wanapotaka kujuana.

"Mama, wewe mtoto wa nani?"

Pakkiam akafungua kinywa. Ndani, Rosnani alikuwa ameshaandika neno lake moja na kubonyeza.

"Pakkiam!" akaita. "Ingia, Akka, imefunguka."